Njia ya Eino kwenye Kontena

Jumanne ile, saa nne na dakika kumi asubuhi, Aulikki Karjula aliandika amri moja fupi kwenye kompyuta yake ya kazini, akabonyeza, akaenda kujimiminia kahawa. Aliporudi, skrini ilikuwa inamwarifu kwamba imepatikana nafasi ya gigabaiti thelathini na saba. Alifurahi. Tangu wiki iliyopita kompyuta ilikuwa inalalamika kwamba imejaa. Aliketi, akapuliza kahawa, akapandisha kontena lake upya, na baada ya robo tatu ya saa ramani ya mtaa wa Koskela ikafunguka mbele yake. Barabara zote zilikuwepo. Alama nyekundu haikuwepo hata moja.

Aliifunga, akaifungua tena. Akasubiri robo tatu nyingine ya saa, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye benchi la hospitali. Barabara zilikuwepo. Alama hazikuwepo.

Katika ofisi ile ya watu saba, pale Oulu, kaskazini mwa Finland, hakuna aliyekuwa anajaza programu za kazi moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Kila mradi ulikuwa na faili moja la maelekezo, na kompyuta ikilisoma faili hilo ilijenga chumba kidogo ndani yake, kontena, chenye kila kitu mradi unachohitaji, sawasawa na cha mwenzako wa meza ya pili. Ukikiharibu, unakitupa na kupandisha kingine. Siku ya kwanza Jesse, kijana wa miaka ishirini na saba aliyepewa kazi ya kumfundisha, alimwambia, "Kontena si nyumba, Auli, ni hema. Usitundike picha ukutani."

Aulikki alikuwa ameyaandika maneno hayo kwenye daftari. Jesse akaliona daftari.

"Karatasi!" akaita ofisi nzima. "Jamani, kiwanda kimefungwa lakini mama bado anakitafutia soko!"

Walicheka, na Aulikki alicheka nao. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia kwenye mashine za kiwanda cha karatasi, mpaka kilipofungwa, ndipo ofisi ya ajira ikampeleka kwenye kozi ya kuandika programu. Tangu siku ile ya kucheka, daftari lilibaki kwenye mkoba. Kila kitu alikichapa moja kwa moja kwenye mashine, kama wenzake.

Alama nyekundu zilikuwa mahali pa kuinua bamba. Gari la theluji linasukuma theluji kwa bamba la chuma, na chini ya theluji kuna mambo ambayo dereva hayaoni: mfuniko wa chemba uliojitokeza, mwamba, ukingo wa njia. Dereva anayeijua njia huinua bamba kiasi cha nusu kiganja, akapita. Asiyeijua huvunja bamba, au mwamba, au meno yake mwenyewe. Ujuzi huo uko vichwani mwa madereva, na wanastaafu nao. Programu ya ofisi ile ilikuwa ya kumwambia dereva mgeni: hapa, inua.

Kwa maonyesho ya Ijumaa mbele ya manispaa walikuwa wamechagua Koskela, kwa sababu Eino Karjula aliisafisha theluji ya Koskela kwa gari hilo miaka arobaini na miwili, na Eino alikuwa baba mkwe wake Aulikki. Mwezi wa Septemba mzee alikaa jikoni kwao jioni tatu, mikono kwenye kitambaa cha meza, akataja mahali sitini na mbili bila kukwama. Aulikki alizichapa kwenye hifadhidata iliyokuwa ndani ya kontena lake. Alikusudia kuzitoa nje kesho yake, aziweke kwenye seva, kila mtu azipate. Mwezi wa Oktoba Eino alikwenda kuwasha sauna, bafu la mvuke, akafia humo, hakurudi mezani. Baada ya hapo kila alipofungua orodha ile alimsikia mzee akisema "kushoto, kushoto, mwanamke, andika kushoto," akaifunga. Akajiambia kesho. Zikapita kesho nyingi.

Ijumaa hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya miezi yake sita ya majaribio kazini.

* * *

"Uliandika ile amri ya kusafisha pamoja na kile kipande cha mwisho?" Jesse aliuliza. Alikuwa ameinama begani kwake, na harufu ya sharubati ya matunda ikitoka kinywani.

"Kile ulichonionyesha."

"Hicho kinafuta na hifadhi zote! Nilikuonyesha kwa makontena yangu mimi. Yangu hayana kitu!"

"Langu lilikuwa na Eino," alisema Aulikki.

Jesse alivuta kiti, akakaa, akaanza kuchapa mwenyewe. Alitafuta huku na huku kwa nusu saa. Kwenye seva programu ilikuwepo, kila mstari Aulikki alioandika tangu Agosti ulikuwepo. Alama hazikuwepo, kwa kuwa hazikupelekwa kamwe.

"Marketta anarudi lini kutoka Helsinki?" Aulikki aliuliza. Marketta ndiye mwenye ofisi.

"Kesho kutwa mchana." Jesse alijikuna shingo. "Sikiliza. Mimi ndiye niliyekuonyesha amri ile. Tutaweka alama za kubuni. Sitini hivi, tuzitawanye kwenye ramani. Watu wa manispaa watajuaje? Watakuja wamevaa viatu vya ofisini."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu kuna nini?"

"Jumatatu Tuure anaanza kusukuma theluji ya Koskela kwa programu hii. Majaribio ya barabarani. Mume wangu, Jesse. Unataka aingie kwenye mwamba kwa alama zangu za kubuni?"

"Basi," alisema Jesse taratibu, "sina lingine."

* * *

Tuure alikuwa ameamka kutoka usingizi wa mchana, maana zamu yake huanza saa kumi alfajiri. Alikuwa anakula supu ya soseji. Aulikki hakukaa. Alimwambia akiwa amesimama, na koti bado mwilini.

"Zote?" Tuure aliuliza.

"Zote sitini na mbili."

Tuure alikula vijiko vitatu zaidi. Katika nyumba ile ukimya haukuwa adhabu, ulikuwa namna ya kufikiri, lakini jioni ile Aulikki aliuhesabu kijiko kwa kijiko.

"Kwa nini hukuandika kwenye karatasi?"

"Niliona aibu."

"Miaka ishirini na miwili unaitengenezea nchi nzima karatasi ya kuandikia, halafu wewe ndiye wa kuona aibu."

Hakukusudia kuuma, lakini iliuma. Aulikki alivua koti, akalitundika, akalichukua tena kwa sababu lilianguka. Tuure aliona, akasukuma sahani pembeni.

"Huwezi kuzitaja wewe?" Aulikki aliuliza. "Hata nusu?"

"Mimi? Mzee hakuniruhusu kushika Koskela hata siku moja. Alisema nitavunja bamba. Na alipostaafu manispaa ikampa mkandarasi, na kweli wanavunja. Mabamba mawili kila mwaka." Alifuta mdomo. "Lazima tumwambie mama."

"Hapana, Tuure."

"Atasikia tu. Afadhali asikie kwetu."

Saimi, mama yake Tuure, alikuwa na miaka sabini na tisa na alikaa kwenye nyumba ndogo ng'ambo ya ua. Walimkuta yeye na redio. Koti la kazi la Eino, la rangi ya chungwa, lilikuwa bado kwenye ndoano ya mlangoni, na Aulikki alipita kando yake kama anampisha mtu. Alisema yote kwa sentensi mbili.

"Umemfuta?" Saimi aliuliza.

"Nimemfuta, mama."

"Mimi nimeshindwa kuondoa hata koti lake."

Saimi alizima redio, akawaonyesha viti, akaweka maji ya kahawa. Mgongo wake ukiwa bado umewaelekea, akasema, "Mnataka njia ya Koskela?"

"Tungeipata wapi, mama?" alisema Tuure. "Aliyeijua ni mmoja."

"Na nani alikuwa anamshikia kikombe?"

Tuure alimtazama mkewe, kisha mama yake. "Kikombe gani?"

"Cha kahawa. Nyie mlipokuwa wakubwa mkaondoka, ningebaki hapa peke yangu naangalia nini? Kila Jumamosi na Jumapili ikianguka theluji nilipanda naye. Miaka kumi na sita."

"Ndani ya gari la manispaa? Mama, hairuhusiwi!"

"Ndiyo maana hukuambiwa."

Aulikki aliketi polepole. "Kwa hiyo mahali pote unapajua?"

"Majina ya barabara siyajui, usiniulize. Nilikuwa namtazama yeye, si vibao." Saimi aliinua mkono wa kulia, vidole vimekunjwa kama vinashika kitu. "Bamba likiinuliwa gari linaruka kidogo, kahawa inamwagika. Kwa hiyo akiinua yeye, na mimi nainua. Baadaye nikawa nainua kabla yake. Alikuwa anakasirika." Akacheka mwenyewe. "Mkono huu unapajua."

* * *

Jumatano Aulikki aliomba ruhusa ya nusu siku. Saa saba mchana Tuure alitoka zamu, akamchukua mama yake, akamweka kiti cha mbele na mto mgongoni. Saimi alibeba chupa ya kahawa na kikombe cha bati. Aulikki alikaa nyuma, akatoa daftari kwenye mkoba.

Barabara mbili za kwanza hakutokea kitu. Kikombe kilikaa palepale mapajani. Aulikki aliona shingo ya mumewe ikiwa nyekundu juu ya kola, akajua naye anafikiri anachofikiri yeye, kwamba bibi wa miaka sabini na tisa amewapa tumaini kwa huruma tu.

"Unakwenda kama gari la wagonjwa," Saimi alisema. "Baba yako hakuwa na haraka. Nani anakufa?"

Tuure alipunguza mwendo mpaka mwanamke aliyekuwa anasukuma mtoto kwenye kigari akawapita. Na hapo, mbele ya ukuta wa shule, kikombe kikapanda. Kilipanda chenyewe, bila Saimi kukitazama, kikasimama hewani, kikashuka.

"Hapa," alisema.

"Upande gani?" Aulikki aliuliza. "Kwa sababu gani?"

"Kulia. Mfuniko."

Tuure alishuka na koleo, akachimba pale mama yake aliponyoosha kidole. Chuma kililia juu ya chuma. Alibaki ameinama kwa muda kabla ya kurudi garini, na alipoingia alivuta pua.

Walikwenda hivyo barabara kwa barabara. Kikombe kinapanda, Tuure anasimama, Aulikki anaandika mahali, upande na sababu, Tuure anachimba kuhakikisha. Sehemu nyingine Saimi alikuwa na maelezo. "Hapa ni mwamba. Alivunja bamba hapa mwaka ule ulipokwenda jeshini, akasema ni kwa sababu yako." Sehemu nyingine mkono ulipanda na koleo halikukuta kitu, kwani barabara ilikwishatengenezwa upya, na Aulikki akaikata kwenye daftari.

Mzee mmoja mwenye mbwa, aliyewaona wakichimba mara ya tatu kwenye barabara ileile, alikuja mpaka dirishani.

"Mmepoteza kitu?"

"Hapana," alisema Tuure. "Mama anakunywa kahawa."

Mzee alimtazama Saimi na kikombe chake, akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake. Ndani ya gari Saimi alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye koti, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kumsikia akicheka namna ile.

Saa kumi na nusu giza lilipoingia walikuwa wamepata hamsini na nane.

* * *

Alhamisi asubuhi Aulikki hakuzipeleka alama ndani ya kontena. Aliziandika kwenye faili la kawaida, mstari mmoja kwa kila mahali, akaliweka kando ya lile faili la maelekezo, kwenye folda inayokwenda kwenye seva. Kisha aliyaongezea maelekezo mistari michache: kila kontena linapopandishwa, kabla ya kitu kingine chochote, lisome faili hilo na kujijaza. Jesse alisoma kila mstari, akarekebisha mmoja.

"Sasa litupe," alisema Aulikki.

"Nini?"

"Kontena langu. Kwa amri ileile. Na kile kipande cha mwisho."

Aliiandika mwenyewe. Kidole kilikaa juu ya kitufe kwa muda mrefu, Jesse akageuza uso kama mtu anayesubiri sindano. Akabonyeza. Wakasubiri robo tatu ya saa, maana kompyuta yake ilikuwa ya zamani, iliyoachwa na mtu aliyeondoka. Ramani ikafunguka. Alama hamsini na nane, nyekundu, mahali pake.

"Umeamini?" Jesse aliuliza.

"Mara moja zaidi."

"Auli, nina kazi."

"Nenda kafanye. Mimi natupa tena."

Marketta alifika mchana akiwa na sanduku la safari mkononi. Aulikki alimfuata mpaka kwenye meza yake, akamweleza amri, siku, alichofuta na alivyokipata. Hakumtaja Jesse. Lakini Jesse alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha kufuta bila kumfundisha kwanza kutunza."

Marketta alivua miwani iliyoingia ukungu, akaifuta. "Ungeweza kuninyamazia," alimwambia Aulikki.

"Ningeweza."

"Na ningeona nini kesho?"

"Hamsini na nane badala ya sitini na mbili. Usingejua."

"Tutaona kesho," alisema Marketta, akavaa miwani. Na Aulikki alirudi nyumbani na maneno hayo mawili, akayageuza huku na huku usiku kucha, asijue kama ni mlango unaofungwa au unaofunguliwa.

* * *

Ijumaa saa nne walikuja watu wawili wa manispaa. Mkubwa wao, Raimo Pitkäkangas, mhandisi wa barabara, alikuwa amevaa viatu vya theluji. Aulikki alikuwa ameandaa kompyuta yake tangu saa moja, kila kitu kimefunguka, lakini Marketta alipita akaifunika kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aliweka mezani kompyuta mpya, bado ina karatasi laini ya kiwandani juu ya skrini.

"Hii haijawahi kuiona programu yetu," aliwaambia wageni. "Haina kitu. Aulikki ataipandishia kila kitu mbele yenu. Nataka muone kwamba hatutegemei mashine ya mtu."

Aulikki alihisi masikio yanamwaka. Hakuwa ameambiwa. Alichapa amri ya kwanza akakosea herufi, akachapa tena. Mistari ikaanza kupita. Raimo alikunywa kahawa, akala mkate wa iliki, akauliza vipi hali ya barabara ya kuelekea uwanja wa ndege, Marketta akajibu. Dakika tisa. Ramani ikafunguka, na alama zikachomoza moja moja, kuanzia ukuta wa shule.

Raimo alivuta kiti, akagusa alama moja. Akasoma kwa sauti: "Kushoto. Sababu: mwamba. Eino alivunja bamba hapa." Akainua macho. "Huu mwamba upo kweli?"

"Mume wangu aliuchimba juzi. Ukitaka nitakupa koleo."

"Ni zote hizi?"

Jesse alitazama viatu vyake.

"Si zote," alisema Aulikki. "Zilikuwa sitini na mbili. Nilizipoteza kwa kosa langu, tukazitafuta upya barabarani. Hamsini na nane zimehakikishwa kwa koleo. Zilizobaki bado sijazipata."

Raimo akagusa alama nyingine, na nyingine. "Kila mtu anayekuja kuniuzia kitu ananiambia kina kila kitu," alisema mwishowe. "Jumatatu tuanze. Halafu mtaa wa pili. Mna wazee wengine?"

Wageni walipoondoka, Aulikki alikwenda kuosha vikombe ili mikono ipate kazi. Marketta alimkuta hapo.

"Jumatatu kuna mkataba wa kudumu wa kusaini. Na ile kompyuta mpya ni yako, hiyo ya zamani inanitia huruma." Alichukua kitambaa, akaanza kukausha. "Na utuandikie ukurasa mmoja. Vitu ambavyo havikai ndani ya kontena. Kila anayeajiriwa hapa ausome siku ya kwanza."

"Kwenye karatasi!" Jesse aliita kutoka mezani kwake.

* * *

Jumamosi, baada ya sauna, Saimi alivuka ua na taulo kichwani, akaingia bila kubisha.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua, mama."

"Basi mimina kahawa."

Walikunywa. Nyuso zao watatu zilikuwa nyekundu kwa joto, na Tuure alikuwa amenyoosha miguu chini ya meza kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Saimi alizungusha kikombe kwenye kisahani.

"Nimekumbuka pengine," alisema. "Pale kwenye kona, baada ya kanisa. Kushoto."

Tuure alifikiri. "Hapo ni maegesho, mama. Lami tupu, sawa kama meza. Jumatano tulipita, na hukuinua kikombe."

"Niliuzuia mkono. Nilijua utashuka na koleo, uchimbe, usikute kitu."

"Kuna nini pale?" Aulikki aliuliza.

"Sasa hakuna. Kulikuwa na nyumba ya njano, kwa mama yangu. Bamba likipita linaacha ukuta wa theluji kwenye lango, na mimi nilikuwa natoka saa kumi na moja kwenda kukamua ng'ombe. Alikuwa kijana, hata jina langu halijui. Akawa anainua pale ili theluji isinizibie lango." Alikunywa kidogo. "Nyumba ilibomolewa miaka mingi. Akaendelea kuinua. Nilimwambia, Eino, hapa hakuna lango tena. Akaniambia, najua."

Aulikki alinyanyuka, akaleta kompyuta, akalifungua lile faili. Alichapa mahali. Akachapa kushoto. Ilibaki sababu, na programu waliyoandika wenyewe haikubali mstari usio na sababu.

"Andika lango," alisema Tuure.

"Hakuna lango," alisema Aulikki.

Saimi alikuwa anatazama dirishani, theluji mpya ikianguka kwenye ua, kana kwamba mazungumzo hayo hayamhusu. Aulikki alichapa neno moja, *Saimi*, akaipeleka kwenye seva. Kuanzia hapo kila kontena litakalopandishwa, kwenye mashine yoyote, lingekuwa nalo.

Tuure alivuta kompyuta upande wake, akausoma mstari ule, akaisukuma pole pole mahali pake. Kisha akasogeza sahani ya mkate wa iliki karibu na mama yake.

"Jumatatu nitainua," alisema.